Kabla Hujaipa Peugeot Injini ya Toyota

Fungua boneti ya gari la zamani mbele ya makanika yeyote wa Kampala, na hukumu itatoka kabla hajashika spana. "Mzee, hii imekufa. Weka ya Toyota, ulale usingizi." Nimeambiwa hivyo kwenye soko la spea la Kisekka, nikaambiwa Ndeeba, na Busia nikaambiwa na kijana niliyemwita kuziba pancha tu.

Siwacheki. Wanachosema kina akili yake. Injini za Toyota zinashuka kutoka Japani zikiwa zimetumika, zimekatwa pamoja na gia boksi na nyaya zake zinaning'inia, na pale Kisekka zinapangwa juu ya matairi makuukuu mlangoni mwa duka. Ukitaka, wanakuletea betri na chupa ya petroli, wanaiwasha mbele ya macho yako. Spea zake utazipata Kamuli, utazipata Moroto. Kijana aliyejifunza ufundi miaka ya karibuni amelelewa na Hiace na Corolla. Ukimwekea injini ya Kifaransa iliyolala ubavu, anaitazama kama mgeni asiyejua ametoka wapi. Kwa hiyo anapokwambia weka Toyota, anakwambia pia, bila kusema, weka kitu ninachokijua.

Lakini nina mambo mawili dhidi ya hukumu hiyo. La kwanza, hutolewa bila kipimo chochote. La pili, bei wanayokutajia ni ya injini ikiwa imekaa chini dukani. Bei ya injini ikiwa ndani ya gari, inavuta, gari linapanda mlima na kufunga breki kama kawaida, hiyo hakuna anayekutajia.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 saluni ya mwaka 1976, nililoachiwa na baba mdogo. Wasomaji wenye umri wa kutosha hawahitaji kuelezwa 504 ni nini. Kiwanda kilianza kuiuza 1968, mwaka uliofuata ikatangazwa gari la mwaka Ulaya, na zaidi ya milioni tatu zilitengenezwa. Ufaransa waliacha kuunda saluni mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunda miaka mingi baadaye, ndiyo maana sisi wa Afrika Mashariki tuliziona barabarani hadi juzi. Ile ya steshenwagoni yenye safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa kati ya mpaka na Nairobi: watu tisa, mizigo juu, na dereva asiyejua breki iko wapi.

Si kila mtu anayelikumbuka kwa mapenzi. Mama mmoja jirani yetu hataki hata kulisogelea. Enzi za Amin kulikuwa na watu waliotiwa kwenye buti za magari ya namna hii mchana kweupe, na hawakurudi. Sijawahi kumshawishi apande, na sitajaribu.

Watu pia hunikumbusha Safari Rally. Kweli, 504 ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ila hiyo ya 1978 ilikuwa kupe, ile ya milango miwili, ya silinda sita, na injini yake haina undugu wa karibu na hii yangu. Sifa ya 504 ya kawaida iko kwenye springi na shoku zake. Injini yake, ile Wafaransa wanayoiita XN1, ni mashine ya wastani: sentimita za ujazo 1971, kipenyo cha silinda milimita 88, pistoni ikitembea milimita 81, valvu zinasukumwa na fimbo, mnyororo wa taimingi, kabureta. Haina maajabu. Kwa swali letu, huo ndio uzuri wake.

Ilianza kutoa moshi wa bluu. Hapo watu wengi huishia: moshi wa bluu, injini imekwisha. Lakini uliza moshi unatoka saa ngapi. Ukiachia mguu kwenye mteremko, halafu ukakanyaga tena na wingu likaja nyuma, mtuhumiwa wa kwanza ni gaidi za valvu, vile vibomba valvu zinamopita, na mipira yake, kazi ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, peke yake. Ukitoka mfululizo wakati injini inavuta mzigo, shaka inahamia kwenye ringi za pistoni na kuta za silinda. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji, na hapo chungulia kwanza gasketi ya hedi. Langu lilitoa wakati wa kuvuta. Kupanda kutoka Nakawa kuelekea Naguru, pikipiki zote za nyuma yangu zilikuwa zinapotea.

Aliyenipimia ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli ya Nalukolongo, anakaa Nsambya, na Kiswahili chake ni kile cha reli: kifupi, hakina mapambo. Alitoa plagi zote, akafunga geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, akaniambia nikanyage mafuta hadi chini nipige stata. Silinda tatu zilisoma kati ya paundi 115 na 120 kwa inchi ya mraba. Ya nne, 85. Akachukua kijiko cha oili, akakimimina kwenye tundu la plagi ya ile ya nne, tukapima tena. Ikapanda hadi 110.

"Umeona, mwanangu? Oili imeziba pale ringi ilipopaswa kuziba. Ingekuwa valvu, isingepanda."

Nilikuwa na kitabu cha gari chenye kipimo cha kiwandani, nikaanza kuhuzunika kwa sababu hata hizo silinda tatu nzuri zilikuwa chini sana ya kilichoandikwa. Mzee akanikata. Kitabu kimeandikwa kwa watu wa pwani, alisema. Nilikwenda kupiga hesabu mwenyewe, na ni kweli. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 13. Injini inayosoma 150 Mombasa itasoma kama 130 hapa ikiwa na afya ileile. Ipeleke Kabale, karibu mita 2,000, nayo itapoteza kama tano moja ya kipimo cha pwani bila ugonjwa wowote. Sijui injini ngapi nchini mwetu zimehukumiwa kifo kwa sababu fundi alisoma geji bila kukumbuka mlima anaokaa juu yake.

Basi zile tatu zilikuwa zimechoka lakini hazijafa, na moja ilikuwa imelika. Swali likabaki: imelika nini hasa? Maana kufumua injini kunaweza kuwa kazi ya siku chache au kunaweza kuwa kilio, kutegemea sehemu gani imelika.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda hii mashine. Injini nyingi za Toyota tulizozizoea zina silinda zilizotobolewa moja kwa moja kwenye bloki. Zikilika, bloki nzima inapelekwa kwenye mashine, silinda zinapanuliwa, unanunua pistoni kubwa zaidi. Ukishapanua mara mbili au tatu, ukuta umekuwa mwembamba, basi. XN1 haiko hivyo. Kila silinda ni bomba la chuma linalojitegemea, laina, linaloingizwa ndani ya bloki na kuzungukwa na maji ya kupozea pande zote. Ikilika, unaichomoa na kuingiza mpya yenye pistoni na ringi zake, na injini imerudi kwenye milimita 88 ileile ya mwaka 1976. Hakuna kupanua. Bloki yenyewe haiguswi na pistoni kamwe, kwa hiyo bloki ya miaka hamsini inaweza kuwa nzima kabisa wakati kila kinachosugua ndani yake kimekwisha.

Ila laina za namna hiyo zina masharti, na ni masharti ambayo fundi wa Hiace hana sababu ya kuyajua. Ukishatoa hedi, usizungushe kranki, ile fimbo inayozungushwa na pistoni, ovyo. Hedi ndiyo iliyokuwa inazikandamiza; ukizungusha, pistoni inainyanyua laina kidogo, gasketi ya chini inaachia, na uchafu unaingia pale inapokalia. Ukirudisha hivyo, maji yatateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili itageuka kuwa kama chai ya maziwa. Mzee alikuwa na vibano alivyovichonga mwenyewe kwa vyuma bapa, akavifunga kwa boliti juu ya laina kabla hajafanya jambo jingine lolote.

Sharti la pili ni kimo. Laina lazima ichomoze juu ya uso wa bloki kwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo sana ya milimita, ili gasketi ya hedi iibane vizuri. Ikizama, gasketi itaungua. Ikizidi, hedi itapinda. Chini ya kila laina kuna gasketi nyembamba zinazokuja kwa unene mbalimbali, na kazi ni kupima, kutoa, kubadilisha, kupima tena hadi zote nne zikubaliane. Ni kazi ya geji na subira. Gereji iliyozoea kukaza boliti kwa kusikilizia mkono haiwezi, na ndiyo sababu injini nyingi za 504 zilizofumuliwa hapa hurudi kuchemka baada ya miezi michache, kisha watu wanasema Peugeot mbaya.

Kranki ilipimwa kwa maikromita. Safi, mikwaruzo tu ya kusugua, beringi mpya zikatosha. Hedi ya aluminiamu ikawekwa rula ya chuma juu yake na filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini: ilikuwa imepinda kidogo katikati, ikapelekwa kusawazishwa. Watu walinitisha pia kwamba gari la zamani litaua viti vya valvu kwa sababu petroli yenye risasi iliondolewa huku kwetu tangu mwanzo wa 2006. Hofu hiyo ina msingi kwa hedi za chuma ambazo viti vyake vimechongwa humohumo. Kwenye hedi ya aluminiamu viti ni pete ngumu zilizopachikwa, na zikilika zinatolewa.

Nilitaka kujua pia kilichoiua ile ya nne na kuzichosha zile tatu. Jibu la gereji ni lilelile: joto. Sikubaliani. Tamostati, kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye radieta hadi injini ipate moto, haikuwepo. Fundi fulani wa zamani aliitoa, kama wanavyotoa karibu wote hapa, kwa imani kwamba kuitoa ni kuipoza injini. Na feni ya 504 ni ya kipekee: ina sumaku ya umeme inayoishika feni izunguke injini ikipata moto, na kuiachia injini ikipoa. Hiyo nayo ilikuwa imefungwa izunguke muda wote. Kwa hiyo kwenye foleni ya Jinja Road hakukuwa na tatizo, lakini safari ya alfajiri kupitia msitu wa Mabira injini ilikuwa inakimbia ikiwa baridi kilomita baada ya kilomita. Injini baridi hupewa petroli nyingi, petroli ambayo haijachomeka huosha oili kwenye kuta za laina, na ringi zinasugua chuma kikavu. Ongeza vumbi jekundu linalopita kwenye filta iliyochakaa, na maji ya bomba matupu kwenye radieta yanayotafuna aluminiamu taratibu. Ukiweka Toyota mahali pake na tabia zikabaki zilezile, umempa muuaji maiti mpya.

Sasa turudi kwenye ule upande wa pili, wa kubadilisha, kwa sababu niliufanyia hesabu kwa uaminifu. Injini ya 3Y ya Hiace, lita mbili, ilikuwa bei nafuu kuliko seti ya pistoni na laina, beringi, gasketi na kazi ya mzee ukijumlisha. Nafuu kwa mbali. Nikamuuliza muuzaji itaunganishwaje. "Tutakutengenezea maunti tu, mzee." Maunti tu, yaani vishikizo vya kuikalisha injini.

Kwenye Hiace, propela ni fimbo inayozunguka wazi chini ya gari, ina jointi huku na huku, unaweza kuikata na kuiunga upendavyo. 504 haina kitu hicho. Propela yake imefichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa kwa boliti kuanzia nyuma ya gia boksi hadi kwenye difu, gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Injini, gia boksi, bomba na difu ni kitu kimoja kirefu, kama uti wa mgongo. Bomba hilo ndilo linaloizuia difu isijipinde unapokanyaga mafuta. Ukileta injini ya Toyota na gia boksi yake, bomba halina pa kushika. Una njia mbili: uchonge sahani ya kuunganisha injini ya Mjapani na gia boksi ya Mfaransa, klachi na gurudumu la kranki vikubaliane katikati kabisa, au ulikate bomba, utengeneze propela mpya na utafute namna nyingine ya kuishika difu. Katwe wapo watu wanaoweza kuchomelea chochote unachokitaja. Kuchomelea si tatizo. Tatizo ni nani atakayekokotoa nguvu zinazopita pale gari likiwa kwenye mwendo wa mia.

Halafu yanafuata madogo ambayo si madogo. Injini ya 504 imelala upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini; ya Toyota imesimama, kwa hiyo filta ya hewa inagonga boneti. Egzosi inatoka upande usio wake, radieta inataka mipira mingine, kebo ya spidomita haifiki. Na namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha bila kuandikisha, siku ya kuuza gari au siku ya ajali utakuwa na maelezo mengi ya kutoa kwa watu wasio na haraka ya kukusikiliza. Ukinunua injini, dai risiti na karatasi za forodha, hata kama muuzaji atakucheka.

Kuna njia ya tatu ambayo haitajwi kwa sababu haina faida kwa muuza injini: kutafuta XN1 nyingine. Peugeot 505, iliyotoka 1979, baadhi yake zilikuwa na injini hiihii, na mizoga yake ipo. Inaingia kwa boliti zilezile, bomba halijui kama kuna kilichobadilika. Nilikwenda kuiangalia moja iliyokuwa nyuma ya nyumba huko Mukono, nyasi zimeota hadi kwenye usukani. Nilitaka kuichukua kama injini kamili. Mzee akaweka mkono kwenye puli, haikuzunguka. Hata hivyo tulinunua hedi na kabureta, na nina furaha nazo kuliko kitu kingine chochote nilichonunua mwaka huo. Kumbuka kwamba tangu 2018 sheria inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo mizoga tuliyonayo na ile ya majirani zetu ndiyo ghala letu. Usiuze bloki kwa watu wa vyuma chakavu.

Spea nilizipata Nairobi, Kirinyaga Road, baada ya kurudisha seti moja. Boksi lilikuwa la Kifaransa, rangi sawa, nembo sawa. Pistoni za ndani zilipishana uzito hata kwa mkono ungejua. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Muuzaji mwenye mali halisi hatakasirika, na mwenye feki atajifanya amekasirika.

Kwa hiyo yangu tuliifumua. Kwa gari lililo na bloki nzima, kranki inayopimika na fundi anayemiliki maikromita, sioni hoja ya kubadilisha. Zile kilomita za mwanzo niliendesha kama nabeba mayai ya watu, nikamwaga oili mapema, nikairudisha Nsambya hedi ikazwe tena ikiwa imepoa, tamostati ikiwa mahali pake na feni ikiwashwa na joto. Moshi umekwisha. Mlima wa Naguru nao bado ni mlima.

Shemeji yangu wa Tororo ana steshenwagoni ya 504 anayobebea mizigo ya soko, na kwake nilishauri kinyume. Konrodi, mkono unaounga pistoni na kranki, ilivunjika ikatoboa bloki ubavuni, tundu la kupitisha ngumi. Gari ni la riziki, kila siku likilala ni hasara, na haliwezi kungoja laina kutoka Nairobi. Nilimwambia aweke dizeli ya Peugeot yenyewe kama ataipata, akose hivyo ndipo aende kwa Toyota. Hakuipata, akachukua 3L, dizeli ya Toyota. Wamelikata bomba. Kwa bahati mbaya, kwenye steshenwagoni bomba lina kazi kubwa kuliko kwenye saluni, kwa sababu ekseli ya nyuma ni moja nzima iliyokaa juu ya springi za duara, na bomba ndilo linaloishika isigeuke. Sasa wanamchomelea mikono ya kuishikilia, mikono ya kwanza ikapinda, wamo kwenye ya pili. Juzi alinipigia simu akiniuliza mzee wa Nsambya anatoza kiasi gani kuja Tororo. Spidomita bado haijaunganishwa.